Msaada wa Makampuni na Vyuo Vikuu kwa Vijana Wetu: Nani Anaupata, na Kwa Nini Wengi Hatuupati

Kila mwaka mwezi wa Agosti, matokeo ya mitihani ya A-Level yanapotangazwa hapa Uingereza, simu majumbani mwetu hazinyamazi. Huyu kafaulu, yule kakosa alama moja, na wa tatu kapata nafasi lakini baba yake hajui ada italipwa vipi. Ni mazungumzo tuliyoyazoea, na aghalabu huja kwa kuchelewa. Mengi ambayo yangemfaa kijana huyo yalikwisha kugawiwa mwaka mmoja na zaidi kabla ya siku hiyo, alipokuwa katika Mwaka wa 12, wakati mzazi wake akidhani kwamba habari za chuo kikuu bado ziko mbali.

Makala haya yanahusu msaada unaotokana na mapatano ya pande tatu: shule, chuo kikuu na kampuni ya biashara. Shule huleta mwanafunzi mwenye akili ambaye nyumbani kwao hamna uwezo. Chuo huleta mafunzo, na mara nyingine hulegeza masharti ya kuingilia. Kampuni huleta fedha, nafasi ya kujifunza kazi, na watu wa kumwelekeza kijana. Mapatano ya namna hii yako mengi katika nchi hii na baadhi yake yana sifa njema. Hata hivyo, ukiuliza miongoni mwa jamaa zetu waliotoka Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Barawa na visiwa vya Wabajuni, ni wachache mno watakaoweza kukutajia hata mpango mmoja kwa jina lake.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1982, katika mji wa Boston huko Marekani, wakuu wa makampuni na wakuu wa shule za mji walifunga mapatano yaliyoitwa Boston Compact. Shule ziliahidi kuinua mahudhurio na kupunguza idadi ya vijana wanaoacha masomo, na makampuni yakaahidi kuwatanguliza vijana wa shule hizo katika kuajiri. Vyuo vikuu vya mji vikajiunga baadaye. Mwaka 1987 mfano huo ukaletwa London ya Mashariki, katika mitaa ya Hackney na Tower Hamlets, ambako nyumba za maskini zimepakana na mabenki makubwa ya dunia. Kijana aliyehudhuria shule ipasavyo, akafika kwa wakati na kumaliza majuma yake ya mazoezi ya kazi, aliahidiwa kazi yenye mafunzo. Serikali ikaupenda mpango huo na kuueneza katika miji mingine. Kisha uchumi ukaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi zikaadimika, na ahadi ya ajira ikawa nzito kutimizwa. Tangu hapo makampuni yamekuwa na hadhari zaidi: hayaahidi kazi, huahidi njia ya kuifikia.

Kati ya mipango iliyofuata, nitaanza na ule wa mawakili, maana ndani yake pande hizo tatu zinaonekana waziwazi. Sutton Trust ni taasisi iliyoasisiwa mwaka 1997 na tajiri Peter Lampl, na mwaka huohuo ilifungua shule ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Oxford ili vijana wa shule za serikali waonje maisha ya pale kabla ya kuomba nafasi. Mwaka 2006, kwa kushirikiana na College of Law, taasisi hiyo ilianzisha mpango uitwao Pathways to Law. Kijana anayechaguliwa huanza katika Mwaka wa 12, naye huandamwa kwa takriban miaka miwili. Huhudhuria mafunzo katika chuo kikuu kilicho karibu naye, katika miji kama vile London, Leeds na Manchester. Hupewa mtu aliyemtangulia katika sheria wa kumwuliza maswali. Kisha hupelekwa kufanya mazoezi katika ofisi za mawakili wakubwa, na hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kuliko yote. Mtoto wa wakili huyapata mazoezi hayo kwa simu moja ya baba yake kwa rafiki yake. Mtoto wa dereva wa basi hana wa kumpigia.

Mpango mwingine unaostahili kutajwa kwa urefu ni wa udaktari. Mwaka 2001 King's College London ilianzisha mafunzo ya udaktari ya miaka 6 badala ya 5 kwa ajili ya vijana wa shule za kawaida za serikali za London. Alama za kuingilia ni za chini kuliko zinazodaiwa kwa wengine, na masomo ya mwanzo hutandazwa kwa muda mrefu zaidi, kukiwa na walimu wa kuwasaidia wanafunzi hao. Baada ya hapo huchanganyika na wenzao, hufanya mitihani ileile na kupata shahada ileile. Palikuwa na walionung'unika kwamba udaktari unashushwa hadhi. Waama, kijana aliyepata alama nzuri katika shule yenye walimu wa kubadilika kila muhula, huku akiwalea wadogo zake jioni, amekwisha kuonyesha jambo ambalo alama peke yake haiwezi kulionyesha. Wengi walioingia kwa mlango huo leo ni madaktari.

Ipo pia Brilliant Club, iliyoanza mwaka 2011, ambayo huwapeleka watafiti wa shahada ya uzamivu mashuleni kufundisha makundi madogo, nao wanafunzi huandika insha ndefu inayosahihishwa kwa vipimo vya chuo kikuu. Ipo Social Mobility Foundation ya mwaka 2005, inayowaunganisha vijana na makampuni. Na ipo IntoUniversity, iliyoanzia Kensington ya Kaskazini mwaka 2002, ambayo hufungua vituo mitaani ili watoto, hata wa umri wa miaka 7, wapate mahali pa kufanyia kazi zao za shule baada ya masomo.

Sasa, mtu huchaguliwaje? Hapa inafaa tutazame nyumbani kidogo. Mwaka 2010 Equity Bank ya Kenya, pamoja na taasisi ya MasterCard Foundation, ilianzisha mpango wa Wings to Fly, unaowalipia watoto werevu wa familia maskini gharama zote za sekondari ya bweni: ada, sare, vitabu, nauli na hata fedha za mfukoni. Uteuzi wake hufanywa na kamati za wilayani zenye watu wa benki, maofisa wa elimu na viongozi wa dini, na watu huenda hadi kwa mtoto kuhakikisha hali yake. Umaskini unaonekana kwa macho: paa, jiko, idadi ya wanaolala chumba kimoja. Hapa Uingereza hakuna atakayekuja kubisha hodi. Hapa umaskini husomwa katika karatasi, na asiyeandikwa katika karatasi hahesabiwi kuwa na shida, hata kama jokofu lake ni tupu.

Karatasi inayotumika zaidi ni ile ya chakula cha bure cha shule. Mipango mingi niliyoitaja huuliza kama mtoto amewahi kuandikishwa kupata chakula hicho. Huuliza pia kama wazazi walisoma chuo kikuu, na hutazama postikodi ya nyumba ili kujua mtaa ni wa namna gani, lakini alama yenye nguvu aghalabu ni ya chakula. Na wazazi wetu wengi, kwa sababu mbalimbali, fomu hiyo hawaijazi. Wengine huona haya. Mtu aliyekuwa mwalimu mkuu Pemba au mfanyabiashara Mombasa, ambaye leo anasafisha maofisi usiku, hataki katibu wa shule amjue kuwa ni mhitaji. Wengine husema kwamba nyama ya shule si halali na mtoto huchukua chakula chake kutoka nyumbani, basi fomu ya nini? Hoja hiyo ina mantiki, lakini inamgharimu mtoto. Fomu hiyo inaandikisha haki, nayo haimlazimishi mtu kula. Tangu mwaka 2011 serikali huipa shule fedha za ziada kwa ajili ya watoto walioandikishwa, na tangu 2012 huhesabiwa hata yule aliyewahi kuandikishwa wakati wowote katika miaka 6 iliyopita. Mwalimu anapotakiwa kuteua wanafunzi watano wa kupeleka katika mpango wa chuo kikuu, hufungua orodha hiyohiyo.

Wazazi walioko London wana jambo la kuchunga zaidi. Tangu Septemba 2023 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali katika jiji hilo amekuwa akipewa chakula bure, wa madarasa ya juu kwa fedha za Meya, tajiri na maskini sawasawa. Ni neema, lakini imewafanya wazazi wadhani kwamba hakuna tena haja ya kujaza fomu. Haja ipo. Anayekula kwa fedha za Meya bila ya kuandikishwa kwa sababu ya kipato cha wazazi wake haonekani katika orodha hiyo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kila familia ya England inayopokea Universal Credit itastahiki, na kabla ya hapo milango ilikwisha kufunguliwa kwa familia zenye kipato kidogo ambazo vibali vyao haviwaruhusu kupokea misaada ya serikali. Kwa hiyo aliyeambiwa hapana miaka iliyopita aulize tena.

Tukija kwenye shule za kiangazi, tunakutana na suala la kulala nje, ambalo sitaki kulipitia kwa haraka, kwani najua ni wasichana wangapi limewarudisha nyuma. Shule ya kiangazi aghalabu huwa ya wiki moja: kijana hulala katika mabweni ya chuo, husoma na walimu wa chuo, na halipi kitu, kuanzia malazi na chakula hadi nauli. Binti huja nyumbani na barua, baba husoma neno "kulala" na jibu hutoka kabla barua haijafika mwisho. Simlaumu baba huyo. Hajui mahali penyewe, hajui nani anachunga, na hakuna aliyemweleza. Lakini yeye pia ana haki ya kuuliza, na wengi hawaitumii. Waandaaji wamekwisha kuulizwa maswali haya mara nyingi na wazazi Waislamu, nao hawachukizwi. Uliza kama wasichana wana ghorofa au ukumbi wao peke yao. Uliza chakula, mahali pa kusalia, nani analala zamu, na kama mzazi anaweza kufika kuona. Uliza kwa maandishi ili nawe ujibiwe kwa maandishi.

Baada ya majibu, mzazi ambaye moyo wake bado haujatulia ana njia nyingine. Mipango kama ule wa mawakili hufanyika zaidi mchana katika chuo cha mji huohuo, na mtoto hurudi nyumbani jioni. Baada ya maradhi ya korona ya mwaka 2020, baadhi ya mafunzo yamekuwa yakitolewa pia kwa intaneti. Kinachoumiza ni pale binti anapokataliwa safari na asitafutiwe badala yake, ilhali kaka yake mwaka uliopita alikwenda. Mwalimu naye akiona barua mbili zimerudi bila ya saini kutoka nyumba moja, ya tatu huenda asiitume.

Nije sasa kwenye fedha, na kwenye lile linalotutia wasiwasi kuliko yote, yaani riba. Kabla ya mwaka 1998 mwanafunzi wa nchi hii hakulipa ada ya chuo kikuu. Mwaka huo ikaanzishwa ada ya pauni 1,000 kwa mwaka, ikawa 3,000 mwaka 2006, ikaruka hadi 9,000 mwaka 2012, na kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ilifika pauni 9,535 kwa vyuo vya England. Serikali hutoa mkopo wa kuilipia ada hiyo, lakini mkopo huo una riba inayoanza kuhesabiwa tangu siku za mwanzo. Kwa walioanza masomo tangu Agosti 2023, deni laweza kumwandama mtu kwa miaka 40. Masheikh wamehitalifiana katika hukumu yake, na kila nyumba ina wa kumwuliza. Hapa si mahali pa kutoa fatwa. Ninachokijua ni kwamba wapo vijana waliofaulu vizuri kisha wakaacha chuo kwa ajili ya jambo hilo, na wapo waliokwenda wakiwa na dhiki moyoni. Mwaka 2014 serikali ilipouliza maoni ya watu kuhusu mkopo usio na riba, ilipata majibu yapatayo 20,000. Sheria ya mwaka 2017 ikaipa serikali mamlaka ya kuanzisha mkopo wa namna hiyo. Mwaka 2025 ulikwisha bila ya mwanafunzi hata mmoja kuupata.

Wakati huo wote wa kungojea, mlango mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa, nao ni uanagenzi wa shahada. Ulianza mwaka 2015. Kijana huajiriwa na kampuni, hulipwa mshahara, na sehemu ya muda wake husoma katika chuo kikuu hadi kupata shahada kamili. Ada hailipi yeye wala mzazi wake. Hulipwa na mwajiri na serikali, na sheria inakataza kumtoza mwanafunzi. Hakopi, basi hana deni wala riba. Mafunzo hayo yapo katika uhandisi, kompyuta, uhasibu, uuguzi na fani nyingine nyingi. Hata uwakili: tangu mwaka 2016 kijana anayemaliza A-Level anaweza kuingia katika ofisi ya mawakili na baada ya takriban miaka 6 akawa wakili kamili.

Isidhaniwe kwamba makampuni yanafanya haya kwa ajili ya thawabu. Tangu Aprili 2017 kampuni ambayo jumla ya mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja ya kiasi kinachozidi hapo, na fedha hizo huweza kuzitumia kulipia mafunzo tu. Zisipotumika kwa muda uliowekwa, zinapotea. Kwa hiyo kampuni ina haja na kijana kama vile kijana alivyo na haja nayo, na mtu anayekwenda kuomba nafasi hiyo asiende kwa unyonge.

Lakini sikilizeni lililotokea. Mpango uliotazamiwa kuwafaa watoto wa maskini umechukuliwa zaidi na watoto wa wenye nacho. Utafiti wa Sutton Trust umeonyesha kwamba, miongoni mwa vijana wanaoingia katika uanagenzi wa shahada, waliowahi kupata chakula cha bure shuleni ni wachache hata kuliko katika vyuo vikuu vya kawaida. Sababu si ngumu kuielewa. Nafasi hizi haziombwi kwa UCAS pamoja na vyuo vingine. Kila kampuni hutangaza kwa wakati wake na kwa namna yake, tena kwa mitihani na mahojiano. Mwenye baba ndani ya kampuni hujua mapema. Shule nazo, kwa kuwa husifiwa kwa idadi ya wanafunzi wanaoingia vyuo vyenye majina, hazina haraka ya kutangaza njia nyingine. Na sisi wazazi tunasikia neno uanagenzi, tunafikiri ni kumpeleka mtoto gereji kwa fundi, tunaona aibu mbele ya jamaa ambao watoto wao "wako yunivasiti".

Njia hii pia ina uzito wake, na ni haki mtoto aujue. Kijana wa miaka 18 hufanya kazi na kusoma kwa pamoja, wenzake wakiwa na likizo ndefu yeye yuko ofisini, na ushindani wa kupata nafasi ni mkali sana. Kadhalika atazame kazi yenyewe ni ya nini. Nafasi nyingi ziko katika mabenki na bima, na anayekimbia riba ya mkopo wake huenda akajikuta ameajiriwa kuhesabu riba za watu wengine.

Kwa baadhi ya familia zetu, hata hivyo, kizuizi cha kwanza ni kibali cha ukaazi. Mtoto aliyekuja mdogo, akasoma hapa tangu shule ya msingi, anaweza kufika miaka 18 ndipo akagundua kwamba kwa macho ya serikali hastahiki mkopo, na kwamba chuo kinaweza kumtoza ada ya mgeni, ambayo ni mara mbili au tatu ya ada ya mwenyeji. Jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu Kabisa katika kesi ya Beaurish Tigere, msichana aliyezaliwa Zambia na kuletwa Uingereza akiwa na umri wa miaka 6. Mwezi Julai 2015 mahakama iliamua kwamba kumnyima mkopo mtu kama yeye kwa kanuni ya jumla, bila ya kutazama maisha aliyoyaishi hapa, ni ubaguzi usio halali. Baada ya hapo kanuni zikarekebishwa, na muda ambao kijana ameishi nchini ukaanza kuhesabiwa.

Kwa waombaji wa hifadhi ambao hawajajibiwa, na ambao hawaruhusiwi kukopa, vipo vyuo vikuu vinavyotoa ufadhili maalumu. Jitihada hizo zilipata nguvu mwaka 2010 kupitia mradi ulioitwa Article 26, uliovishawishi vyuo kusamehe ada na kuongeza fedha za matumizi, na leo vyuo vingi vina nafasi kadhaa kila mwaka zinazoitwa za "Sanctuary". Nafasi ni chache na tarehe zake za kufungwa ni za mapema. Uanagenzi hautoi njia ya mkato hapa, kwani nao unadai haki ya kufanya kazi na, kwa wengi, ukaazi wa miaka mitatu. Ni bora karatasi zichunguzwe mtoto akiwa na miaka 14 au 15, na wakili anayejua mambo ya uhamiaji, kuliko kungoja barua ya chuo.

Nimesema kwamba mipango ni mingi. Si yote yenye manufaa. Ipo ile ya kampuni kufika shuleni asubuhi moja, kugawa kalamu na fulana zenye jina lake, kupiga picha na watoto wa rangi mbalimbali, na kutoonekana tena. Mtoto hurudi nyumbani na fulana. Mimi hupima kwa kuuliza mambo machache: Je, mpango unamwandama mtoto kwa mwaka au zaidi? Je, yupo mtu mwenye jina ambaye mtoto anaweza kumwandikia? Je, chuo kinampunguzia masharti aliyeumaliza mpango, kama vile Chuo Kikuu cha Bristol na vingine kadhaa vinavyokubali alama za chini kidogo kwa wanafunzi wa hali fulani? Je, nauli inalipwa? Hilo la nauli linaonekana dogo, lakini mpango usiolipa nauli umekwisha kumchagua mwenye nauli.

Fedha za nauli na vitabu, kwa mtoto aliye kidato cha juu hapa England, zinaweza kuombwa shuleni pia. Zamani palikuwa na posho ya wiki ya pauni 10, 20 au 30 kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Iliondolewa England mwaka 2011, na mahali pake pakawekwa mfuko mdogo unaogawiwa na shule na vyuo wenyewe. Haugawiwi kwa asiyeomba.

Kwa hiyo kalenda yenyewe ni hii. Mtoto akiwa Mwaka wa 9 au wa 10, hakikisha fomu ya chakula imejazwa na karatasi za ukaazi zimetazamwa. Akiwa Mwaka wa 11, kaonane na mwalimu anayeshughulikia ushauri wa kazi, umtajie majina ya mipango uliyoyasoma hapa. Mwalimu huyo ana mamia ya wanafunzi, naye humkumbuka yule ambaye mzazi wake alifika. Mwaka wa 12 ndio mwaka wa kuomba, na mipango mingi hufunga milango baina ya vuli na mwanzo wa majira ya kuchipua. Nafasi za uanagenzi huanza kutangazwa mwanzoni mwa Mwaka wa 13, nazo hujazwa wakati wengine bado wanaandika barua za UCAS.

Madrasa zetu za Jumamosi na Jumapili zina vijana wa umri huo chungu nzima, na walimu wanaowajua hadi majina ya mama zao. Shule ya mtaani inaweza kutomjua mtoto aliye kimya nyuma ya darasa. Ustadhi wake anamjua. Sioni kwa nini barua ya kumtambulisha kijana kwa mpango kama huu isiandikwe na madrasa, wala kwa nini orodha ya tarehe isibandikwe msikitini, pale penye rafu ya viatu, ambapo kila mtu hulazimika kusimama.